Feri, Kariakoo, Kigamboni: Siku za Dar na Mama

Alhamisi

Tuliondoka Dodoma asubuhi, mchana tukawa Dar es Salaam. Kwa Mama hilo peke yake lilikuwa jambo la kusimulia. Yeye anaijua reli ya kati ya zamani, ile ya kulala njiani na kununua miwa na mayai ya kuchemsha dirishani Kilosa. Treni hii ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kati ya miji hii miwili mwaka 2024, inafika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Alipouliza kama Kilosa bado, mhudumu alimjibu kwa adabu, "Tumeshaipita, bibi. Hapa tunaitafuta Morogoro."

Safari hii niliipanga kwa ajili yake. Mama aliishi Dar akiwa msichana, miaka ya sabini, akifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki. Akaolewa, akarudi Dodoma, na tangu hapo mji huu amekuwa akiufikia kwa shida tu: mgonjwa Muhimbili, msiba Temeke. Hata kwa kaka yangu Magomeni hulala usiku mmoja, mawazo yote yako kwa mgonjwa, kesho yake anageuza. Nilitaka aje akiwa mzima, wajukuu wakiwa pembeni yake, ale anachotaka na aende anakotaka. Binti yangu yuko darasa la sita, mdogo wake la pili, na wote wawili walikuwa hawajawahi kuiona bahari.

Wifi yangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Tulipofika alimpigia Mama goti, akapokea mizigo (mlenda mkavu, karanga, ubuyu), kisha akatuambia tusiguse kitu chochote jikoni. Agizo hilo halikudumu. Jioni nazi zilikuwa barazani, mbuzi imekunjuliwa, na binti yangu akaomba akune. Wifi akakaa nyuma yake, akamshika mikono. "Izungushe nazi, mwanangu, usiikandamize. Na ukiona umefika kwenye ile ngozi ya kahawia acha, ukiikuna na hiyo tui linakuwa jeusi." Kisha akamwonyesha kukamua: tui zito la mkamuo wa kwanza linawekwa pembeni mpaka mwisho, tui jepesi la pili ndilo linalotangulia chunguni kuivisha. Ukilitanguliza lile zito na kuliachia moto mkali linakatika, mchuzi unabaki na mafuta yanayoelea juu.

Mzozo ulikuja kwenye kisamvu. Wifi anakiunga kwa nazi, Mama kwa karanga, na kila mmoja alikuwa na hoja zake. Wakakubaliana kutia vyote viwili. Nimekula kisamvu sehemu nyingi, lakini hiki cha Magomeni, na wali wa nazi na changu wa mchuzi, nitakitaja kila nitakapoulizwa habari za Dar.

Ijumaa

Wifi anauza samaki wa kukaanga jioni karibu na nyumbani, kwa hiyo Feri kwake ni kazini. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kituo cha Magomeni Mapipa tukisubiri mwendokasi. Basi lilipokuja, lile refu lenye kiungo katikati, Mama akasimama kulitazama. "Hili si Ikarus?" Enzi zake UDA, shirika la mabasi ya mji, ilikuwa na mabasi ya namna hiyo, Ikarus kumbakumba, na alipanda akiwaeleza wajukuu jinsi sakafu ya pale katikati ilivyokuwa ikizunguka basi likikata kona. Mwanangu alikwenda kusimama papo hapo kwenye kiungo na hakuondoka mpaka Kivukoni.

Sijui sehemu nyingine ya Dar inayokuamsha kama soko la samaki la Feri kabla jua halijatoka. Boti zinashusha, vijana wanapita mbio na matenga kichwani wakipiga kelele "Njia! Njia!", chini pamelowa maji ya barafu na magamba. Mnadani dalali anasimama juu ya fungu la samaki, anataja bei, wanunuzi wanapanda kwa kidole au kwa kutikisa kichwa tu, na kabla hujaelewa nani kashinda mzigo umeshaondolewa. Wifi na wenzake wawili huchanga fedha, wananunua fungu moja kubwa kwa bei ya mnada, halafu wanagawana kando. Mmoja wao peke yake asingeuweza mzigo ule. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini samaki wake wa jioni si ghali.

Nilimwuliza mbona vibua ni wachache. Akaniambia mwezi umeanza kukua. Wanaovua kwa taa wanahitaji giza, mbalamwezi ikishakolea samaki hawaifuati taa, na vibua na dagaa hupungua sokoni mpaka giza lirudi. Akatufundisha na kuchagua: funua shavu uone matamvua, yakiwa mekundu yenye damu mbichi chukua, yakiwa yamefifia kuwa kahawia mwachie mwenyewe. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Bonyeza mgongoni kwa kidole, nyama irudi. Binti yangu aliandika yote kwenye daftari alilokuja nalo kwa ajili ya shule.

Tulinunua changu wawili wakubwa, nguru wa kipande na pweza. Wapo vijana wa kupara, kazi yao ni hiyo tu, magamba yanaruka na samaki mzima yuko safi kabla hujamaliza kuhesabu hela. Ni ustadi unaostahili kutazamwa, na nilifurahi watoto wangu walisimama kuutazama kwa heshima.

Kifungua kinywa tulikula palepale, upande wa wakaangaji, kwenye benchi la mama mmoja aliyemwita wifi "mwenzangu". Chapati, supu ya samaki yenye ndimu na pilipili mbuzi, vipande vya ngisi vilivyotoka kwenye karai muda huo. Mwanangu alimaliza sahani ya ngisi. Mama alikunywa supu, akaomba tena, lakini pweza aliposogezewa alikataa katakata. Mnyama asiye na mfupa, alisema, hujui mlango wa tumbo lake. Hatukumlazimisha.

Wifi alirudi nyumbani na mzigo, sisi tukaendelea kwa miguu kufuata Barabara ya Kivukoni. Hapa kuna upepo, kuna miti, na bandari yote iko mbele yako. Pana kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1898, na mbele kidogo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1902. Mama alikumbuka kwamba Jumapili jioni wasichana wa kiwandani walikuja kutembea hapa wakiwa wamevaa vizuri, wanunue karanga, waangalie meli. Starehe yao ilikuwa ni hiyo, haikuwa na kiingilio.

Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Yalifunguliwa mwaka 1940. Watoto niliwaahidi fuvu la Zinjanthropus, wanalolijua kwenye vitabu vya shule: Mary Leakey aliliona Olduvai Julai 1959, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Binti yangu alikaa nalo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Alichotaka kujua ni huyu mtu alikuwa anakula nini. Nikamwambia wataalamu wameyasoma meno yake, magego yake ni mapana mno, ni meno ya kusaga majani na mizizi migumu. Akamgeukia bibi yake: "Basi angekula kisamvu." Mama alicheka mpaka mlinzi akatuangalia.

Kwenye bustani ya makumbusho kuna kumbukumbu ya shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani, Agosti 7, 1998. Tulisimama hapo, nikawaeleza watoto kwa maneno machache, Mama akawaombea marehemu.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikuwa tunasubiriwa Ilala kwa shoga yangu wa tangu chuo. Kwa watu wa Dar wengi Ijumaa ni biriani, na yeye alianza kuipika usiku. Nyama imelala kwenye mtindi, tangawizi na kitunguu saumu. Vitunguu maji, debe zima kwa macho yangu, vimekatwa vyembamba na kukaangwa mpaka vikauke rangi ya dhahabu, kisha vikavunjwavunjwa kwenye rojo. Huko ndiko utamu unakotoka, wala hakuna njia ya mkato. Anayepunguza vitunguu apike pilau tu. Wali unapikwa peke yake, unatiwa zafarani na hiliki, na mlaji anaukuta ukiwa umelifunika rojo zima.

Tulitandikiwa mkeka. Mtoto wa shoga yangu alipita na birika na beseni tukanawa, sinia ikawekwa katikati: biriani, kachumbari, ndizi mbivu, pilipili ya embe, na jagi la juisi ya ukwaju lenye barafu. Watoto wangu nyumbani kila mmoja ana sahani yake. Hapa walijifunza haraka kwamba kwenye sinia unakula upande wako, na nyama haivamiwi. Mwenye nyumba ndiye anayeimega na kukusogezea. Shoga yangu alimsogezea Mama kila kipande kilicholainika. "Kula, mama yangu, hii nimepika kwa jina lako." Ninampenda sana rafiki yangu huyu. Tumekuwa marafiki tangu tukigawana chumba cha hosteli na mche mmoja wa sabuni, na kumwona akimhudumia Mama kama mzazi wake kulinipa furaha ambayo sikuipata popote pengine katika safari hii.

Jumamosi

Kariakoo na shoga yangu, na kwa wageni nasema: nenda na mwenyeji, nenda asubuhi, na jua unakwenda kununua nini. Jengo la soko ni kazi ya Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege. Moto uliliunguza Julai 2021, likafanyiwa ukarabati na jingine jipya likajengwa pembeni. Mama alisema lilipokuwa jipya walikwenda kulitazama kama watu wanavyokwenda kutazama ikulu.

Lakini siku hiyo Kariakoo ilikuwa ya Mama kwa sababu nyingine. Tulikuwa Mtaa wa Kongo tunatafuta khanga na vitenge vya wageni wa kipaimara cha binti yangu. Muuzaji, kijana mchangamfu, akatandaza doti na kuanza sifa. Mama hakusema kitu. Akaishika nguo, akaigeuza upande wa nyuma kuona rangi imepenya kiasi gani, akasugua pindo kwa vidole gumba viwili, akainusa. Akasema, "Baba, hii ina wanga mwingi. Ikifuliwa mara ya kwanza itanywea." Kijana alinyamaza, kisha akauliza, "Mama umefanya kazi ya nguo?" Alipoambiwa Urafiki, tena idara ya kuchapa, alitoka nyuma ya meza, akamwamkia upya kwa mikono miwili, akamtolea kiti na kumteremshia mzigo ambao hakuwa ameutandaza mbele. Wakaongea nguo. Uzi, upana, rangi inayoganda na rangi inayokimbia. Mimi na shoga yangu tulikaa kwenye marobota tukasikiliza. Sikuwahi kumsikia Mama akiongea hivyo, kama fundi mbele ya fundi, na nimezaliwa nikamkuta na ujuzi huo wote kifuani.

Tukapumzika kwenye benchi la muuza kahawa. Kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata ya karanga, na wazee wakijadili usajili wa Simba na Yanga. Kaka yangu ni Yanga wa damu, klabu ya mwaka 1935. Mwanangu ni Simba, iliyofuata mwaka 1936. Wazee walimpa kashata ya bure kwa kusimama imara mbele ya mjomba wake.

Alasiri tulielekea Oysterbay. Kwanza Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza mwishoni mwa miaka ya sitini kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972, na wanafunzi wake ndio walioiendeleza kazi hadi leo kupitia ushirika wao. Unawakuta wamekaa chini wakichora, unaruhusiwa kutazama. Binti yangu alinunua kigae kidogo chenye ndege wawili kwa pesa zake za akiba.

Kisha Coco Beach. Watoto waliiona bahari siku moja kabla, bandarini, lakini hii ndiyo waliyoigusa. Waliiendea mbio na viatu. Mdogo alionja maji kwa kiganja, akarudi kuthibitisha kwetu kwamba ni ya chumvi kweli.

Coco inatazama mashariki, hivyo jua halizami baharini; linazama nyuma yako, juu ya nyumba za Oysterbay, na maji yanabadilika rangi polepole mpaka taa za wauzaji zinapowashwa. Tulikuta mwezi umeshapanda. Tuliagiza mihogo ya kukaanga, na hapa naomba nikae kidogo, maana muhogo wa Coco una sheria zake. Uwe umechemshwa kwanza ukapasuka, ndipo uingie kwenye mafuta, nje ukauke na ndani ubaki unga laini. Unapasuliwa katikati, unatiwa chumvi, kachumbari na chachandu ya pilipili na ukwaju mpaka inachuruzika mkononi. Mishikaki pembeni, madafu ya kushushia. Kaka na wifi walikuja, shoga yangu na mumewe na watoto wao wakaja, tukaunganisha meza za plastiki tukawa kundi kubwa.

Muuza pweza akapita. Shemeji, mume wa shoga yangu, alinunua vipande kwenye vijiti, na binti yangu akamwambia bibi yake, "Bibi, hata mlenda hauna mfupa." Hoja hiyo Mama hakuweza kuijibu. Akachukua kipande kimoja, akachovya kwenye pilipili, akatafuna muda mrefu akiwa ametazama baharini. Akaomba kingine.

Nilitazama umati ule: familia zilizokuja na bajaji, vijana wa bodaboda, mabinti wa ofisini, watu wenye magari ya bei mbaya, wote wanakula muhogo uleule wakiwa wamekanyaga mchanga uleule. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba ufukwe huu ubaki wazi kwa watu wote. Mji wa watu wengi namna hii unahitaji mahali ambapo mtu mwenye nauli ya kwenda na kurudi tu anaweza kuleta wanawe wakaiona bahari.

Tulirudi kwa Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu wa kama kilomita moja juu ya maji. Watu walikuwa wakitembea juu yake kwa miguu, wakipunga upepo.

Jumapili

Mama ni Mwanglikana, kwa hiyo ibada ilikuwa Mtakatifu Albano, pale Posta. Tulipotoka tulipita kwenye sanamu ya Askari, iliyosimama kwenye makutano ya Samora na Azikiwe tangu mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Bunduki yake imeelekea bandarini, nasi tukaelekea hukohuko.

Mpango wa kwanza ulikuwa kisiwa cha Mbudya, mojawapo ya visiwa vilivyohifadhiwa tangu mwaka 1975. Shemeji alimpigia mwenye boti wa Kunduchi, akaambiwa kusi linavuma sana na mwenye mtoto mdogo na mtu mzima asubiri. Julai ndivyo ilivyo. Basi tukachagua Kigamboni.

Pantoni ni starehe ya shilingi 200. Geti linafunguliwa, watu wanaingia kwa wimbi moja pamoja na baiskeli, mikokoteni ya nazi, matenga ya kuku na magari, na dakika chache baadaye mji mzima umekaa nyuma yako: minara ya makanisa, maghorofa mapya ya vioo, ngalawa zikipita chini yake. Mtoto wa Dodoma anayeiona picha hiyo mara ya kwanza hawezi kuisahau. Wangu alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili na kuuliza maswali bila kungoja majibu. Meli ile kubwa inabeba nini? Nani anaiongoza? Ikizima je?

Upande wa pili tulichukua bajaji hadi Mjimwema. Fukwe nyingi za huko zina hoteli, na hoteli nyingi hazipendi uingie na chakula chako, jambo ambalo naona linawafukuza watu wanaokuja kifamilia. Wenyeji walitupeleka sehemu ya wazi, chini ya mivinje, tukatandika khanga. Wifi alifungua mahotpoti: vitumbua, chapati, nguru wa kukaanga wa Ijumaa aliyeunguzwa kidogo pembeni kama tunavyopenda, na mchuzi wa nazi mzito wa kuchovya. Shoga yangu akatoa katlesi na maembe mabichi yenye chumvi na pilipili. Wanaume wakapiga mpira na watoto. Maji yalikuwa yametoka, yakaacha vidimbwi kwenye mawe, na humo watoto walimaliza saa nzima na kaa wadogo na samaki wa urefu wa kucha.

Mama aliingia majini mpaka magotini, gauni limefungwa na khanga, ameshikwa mkono na wifi upande mmoja na shoga yangu upande mwingine. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi yalipiga. Hakutaka kutoka.

Jioni shemeji alituleta kwa gari kupitia Daraja la Nyerere, la mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Enzi za Mama kulikuwa na pantoni tu, na aliyechelewa ile ya mwisho alilala ng'ambo.

Jumatatu

Sabasaba, sikukuu. Mama aliniamsha mapema, akaniambia twende wawili tu. Tulipanda mwendokasi kuelekea Kimara tukashuka kituo kinachoitwa Urafiki. Kiwanda kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na maghorofa waliyojengewa wafanyakazi bado yapo. Alinionyesha walikopita wakitoka zamu ya usiku, wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya giza, na dirisha la chumba alichokaa na wenzake. Aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, na kabila la kila mmoja na alichokuwa anajua kupika. Mtanga wa mkate wa kumimina. Mhaya wa matoke. Mmakonde aliyewafundisha wote kupika ming'oko. Nikaelewa kwamba ladha nyingi nilizokulia Dodoma, ambazo majirani walikuwa wakizishangaa, zilitoka kwenye chumba hicho. Tukanywa chai ya rangi yenye tangawizi na chapati moto Manzese, tukarudi.

Kwenye maonesho ya biashara ya Barabara ya Kilwa tulikwenda mchana kwa ajili ya watoto. Yalifurika. Waliona wanyama hai kwenye banda la maliasili, wakala aiskrimu, wakachoka. Siku hii ndipo kilipozaliwa chama cha TANU, Julai 7, 1954, hivyo tuliporudi tukapita kwenye nyumba ya Mwalimu Nyerere ya miaka ya hamsini, palepale Magomeni, ambayo sasa ni makumbusho. Ni nyumba ndogo kuliko nyingi zinazoizunguka, na binti yangu aliliona hilo kabla sijamwambia.

Usiku tulikula barabarani, mezani kwa wifi. Karai linachemka, vibua na changu wamepangwa kwenye trei, pembeni yake jirani anauza urojo na mwingine chipsi na mishikaki, nasi tukachukua kidogo kwa kila mmoja. Binti yangu alikuwa akifunga samaki kwenye gazeti na kurudisha chenji. Mwanangu alisinzia mgongoni kwa mjomba wake na kipande cha ndimu mkononi.

Mama alikaa kwenye stuli karibu na jiko akiwaamkua wateja kana kwamba genge ni lake. Walipopungua akamgeukia wifi. "Sasa wewe mwanangu lini?" Wifi akasema biashara haina likizo. Mama akamwambia wenzake wa Feri watamshikia, na kwamba msimu wa zabibu ukifika Dodoma anataka kumwona nyumbani kwake, na huyo shoga pia, na watoto wote, treni ipo. Shoga yangu aliposikia kwa simu akauliza alale wapi na kundi lile lote. Mama akachukua simu mwenyewe, akamwambia mikeka anayo ya kutosha, ila aje na nazi, na zafarani, na wifi asisahau mbuzi.